Doa Lisilo na Duara

Tarehe 3 Februari

Kwako kitindamimba wangu,

Mimi mama yako nakusalimu kabla ya watu wote, kisha nawapisha wengine wapite mmoja mmoja. Baba yako anakusalimu, kiuno bado kinamsumbua ila ulimi haujambo kabisa. Shangazi yako anakusalimu na amesisitiza nikuandikie kwamba meno yake mapya hayamkai, anayavaa akienda kwa watu, akirudi anayatia kwenye kikombe. Kaka yako anakusalimu, bado anatengeneza pampu za maji na mikono yake haitakati tena hata uisugue na jiwe. Mkewe anakusalimu. Mtoto wao Kasuku anakusalimu, ameanza darasa la kwanza, na siku ya tatu alimwambia mwalimu kwamba amesoma vya kutosha, sasa anaomba kazi. Paka naye amezaa watatu nyuma ya pipa la unga. Msalimie mkwe wangu kinyozi.

Sasa nikae vizuri tuzungumze. Barua yako ilifika Jumanne, nikaisoma kibarazani, nikaisoma tena jikoni, halafu nikaenda kuisoma kazini chini ya taa yangu. Mwanangu, ina madoa manne ya maji. Wino umetawanyika. Na pale ulipoandika kwamba mume wako hajambo, ndipo palipolowa kuliko kote.

Mimi niliishia darasa la nne, unajua. Lakini huu ni mwaka wa ishirini na mbili namulika mayai kwenye hiki kituo cha vifaranga. Kazi yangu ni kujua kilichomo ndani bila kuvunja ganda. Yai la siku saba nikiliinua mbele ya taa najua hili lina uhai, hili ni tupu, hili ni viza. Mtoto niliyemzaa mwenyewe atanishinda?

Halafu shangazi yako alipokuja kwenu ile Desemba alirudi akasema macho yako ni mekundu, na kila saa ulikuwa unayafuta kwa ncha ya kanga. Akasema hakutaka kuuliza mbele ya mwanamume. Sijawahi kumwona shangazi yako akishindwa kuuliza kitu, ndiyo maana nikaogopa.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu yangu usipopaza sauti haisikii, na nikipaza sauti wanasikia mpaka chumba cha tatu, na haya si mambo ya chumba cha tatu.

Unalia nini, mama? Niambie. Chumba chako kipo. Kasuku analala humo lakini ni mtu wa kuhamishika.

Mama yako.


Tarehe 27 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yake, na shangazi ya kwake, umwambie meno mapya hata watu wa huku wanalalamika, yanataka kuzoewa kama kiatu. Kaka na wifi nawasalimu. Kasuku mwambie kazi zipo lakini zinataka watu waliofika darasa la pili. Mume wangu anakusalimu sana, leo amenyoa vichwa kumi na saba na mgongo unamuuma.

Mama, silii. Tafadhali ukimaliza mstari huu uusome tena.

Ni macho yanayoumwa. Yalianza mwaka jana kama mchanga umeingia, hasa jioni nikitoka kiwandani. Kazi yangu unaijua, chupa za soda zinapita mbele ya ubao mweupe wenye taa, mimi nakaa kwenye kiti natafuta yenye ufa au uchafu. Juu ya kichwa changu kuna feni. Nikimaliza zamu macho yanachoma, ninachoangalia kinakuwa kama nyuma ya kioo chenye mvuke, nikipepesa kinarudi. Na maji yanamwagika yenyewe. Nikiinama kuandika, yanadondoka kwenye karatasi. Yangedondoka hata kama ningekuwa nakuandikia habari za paka.

Nimekwenda kwa daktari wa macho. Amesema ni ugonjwa wa macho makavu. Amesema ni jambo la kawaida mno, kwamba tukiwapanga watu wazima kumi kwenye benchi lake hatakosa mmoja mwenye nao, pengine wawili au watatu, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wengi hawajui. Wanadhani ni vumbi, au uzee, au wamelala vibaya.

Kuanzia leo, doa la maji likidondoka kwenye barua nitalizungushia duara kwa kalamu. Ukiona duara ujue ni ugonjwa, usikae ukahesabu machozi. Tazama, hili hapa la kwanza.

Mwanao.


Tarehe 21 Machi

Kwako mwanangu,

Sote hatujambo. Baba, shangazi, kaka yako na nyumba yake, Kasuku na paka wake wote wanakusalimu. Paka mmoja amepewa jirani.

Barua yako nimeiona na duara lako nimeliona. Umechora vizuri. Lakini mwanangu, unaniambia macho ni makavu na hapo hapo unaniambia yanatoa maji. Mtungi mkavu unavuja? Nilimsomea shangazi yako, akaweka kikombe chake cha meno mezani akasema, "Wifi, mke akipata shida kwake, kwanza huugua macho." Baba yako akasema tumwache mtoto, kama amesema silii basi halii. Baba yako hata mimi nikilia husema ninamenya vitunguu.

Kwa hiyo usinikasirikie. Nimemwandikia mkwe wangu barua. Nimeituma kwenye kibanda chake cha kunyolea, si nyumbani, ili aisome kama mwanamume peke yake. Sikumtukana. Nimemwambia lile ambalo mama anatakiwa kusema mara moja tu.

Nakatisha hapa kwa sababu mwanga wa kibarazani leo ni mbaya.

Mama yako.


Tarehe 16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nawasalimu wote kwa majina yao, wakubwa kwa wadogo, na yule paka aliyehama.

Barua yako kwa mume wangu ilikaa siku nne kwenye mfuko wa koti lake la kunyolea. Alidhani ni salamu, akasema ataisoma akitulia. Akatulia Jumapili mchana. Mimi nilikuwa nimelala chali kitandani na kitambaa cha moto machoni, naye amekaa pembeni anasubiri kipoe akichovye tena, akaona bora anisomee kwa sauti nisichoke. Akasoma salamu zako zote, anacheka. Halafu akasoma hivi: "Mkwe, kama umemchoka binti yangu, mrudishe na sanduku lake. Usimrudishe na machozi."

Nikasikia karatasi inakunjwa. Nikatoa kitambaa nikamwangalia, mwanamume mzima, amekaa na bakuli la maji ya moto mapajani.

Akaniuliza, "Mama anadhani nakupiga?"

Kisha akachovya kitambaa, akakikamua, akajaribu joto lake kwenye mkono wake mwenyewe kwa ndani, akanirudishia machoni. Hivyo ndivyo anavyonitesa mkwe wako mwezi wa pili sasa, asubuhi na jioni.

Amesema hajakasirika. Lakini siku mbili wateja walimwuliza kama amefiwa. Mwandikie tena, Mama, safari hii za kheri.

Sasa nikueleze huo mtungi wako unaovuja, kwa sababu hata mimi nilimwuliza daktari hivyo hivyo. Amesema chozi zuri si maji matupu. Lina ute wa kulishikiza jichoni, lina maji, na juu yake lina mafuta kidogo yanayotoka kwenye vitundu vidogo kwenye ukingo wa kope. Mafuta ndiyo yanayozuia maji yasikauke haraka. Vitundu vyangu vimeziba. Kwa hiyo jicho linakauka, linawashwa, linapiga kelele, na mwili unasikia kelele unamwaga maji mengi kwa pamoja. Lakini maji hayo hayakai, yanateremka shavuni na kuniachia jicho kavu kama mwanzo. Ni kama mvua ya dakika mbili juu ya bati.

Kitambaa cha moto ni cha kulainisha hayo mafuta. Nakiweka dakika kama kumi, kisiwe cha kuunguza, halafu nasugua kope taratibu na kuzisafisha. Mchana natia matone ya machozi ya chupa, yale yasiyo na dawa ya kuyahifadhi, kwa sababu natia mara nyingi. Feni kazini wameigeuza. Msimamizi ametukubalia kupokezana kiti kila nusu saa. Na nimeambiwa nipepese. Mama, daktari alikaa mbele yangu akahesabu, akasema mtu hupepesa mara kumi na tano kwa dakika, mimi nilipokuwa natazama picha aliyonipa nilipepesa mara tatu. Akauliza nani alinifundisha kutazama namna hiyo. Nikacheka tu.

Amesema haiponi moja kwa moja kama homa, inatunzwa, kama nyumba ya udongo. Nikikaza uzi nitaishi nayo vizuri. Isipotulia zipo dawa nyingine za juu.

Mama, nina swali. Nimezitandaza barua zako za mwaka mzima. Mwaka jana ukurasa mmoja uliingiza mistari ishirini na nane. Hii ya mwisho imeingiza kumi na tano, herufi kubwa kama za Kasuku, na mistari inateremka upande wa kulia. Unaandika wapi? Macho yako yakoje?

Mwanao. (Madoa ni mawili, yote yana duara.)


Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Wote wanakusalimu kwa pamoja.

Mkwe wangu nimemwandikia, nadhani ameshakuonyesha. Nimemwomba radhi. Kasuku ameandika neno moja mwishoni na amelikosea, msimsahihishe.

Nimechelewa kukujibu. Kila nikichukua kalamu nilikuwa nakuta kazi nyingine ya kufanya, hata kuchambua maharage yaliyokwisha chambuliwa. Uliniuliza swali moja na mimi nikakaa nalo miezi miwili.

Mei, siku ya saba ya trei kubwa, nilimulika kama kawaida. Yai zima la siku saba lina mishipa midogo kama mizizi, na katikati doa linatikisika. Mimi nikawa naona mwanga tu, umeenea kama ndani ya taa ya mafuta iliyojaa moshi. Nikapepesa, mishipa ikaja, ikaondoka. Nikaona aibu kumwita mtu. Nikasema haya ni matupu. Nikatoa mayai thelathini na moja nikayaweka kwenye ndoo.

Msimamizi huwa anapasua moja moja ya ndoo kuhakikisha. Akapasua la kwanza kwenye kisahani. Mwanangu, kilikuwa kinadunda. Kitu chekundu kidogo kuliko punje ya mtama, kinadunda. Akapasua la pili. Hakunisema. Alifunika kisahani kwa mkono wake, akaniambia, "Mama, nenda ukapumzike kidogo." Mengine waliyarudisha kwenye mashine ya kuangulia, lakini yalikuwa yamepoa.

Sasa naosha trei. Kiti changu cha kwenye taa amekaa binti mwingine, mzuri, mwepesi, hapepesi.

Macho yananichoma mwaka wa pili huu. Kule gizani tunapulizwa na feni ya mashine siku nzima. Nilinunua dukani dawa ile ya kuondoa wekundu, mwanzoni ilikuwa nzuri, siku hizi nikiacha kutia yanakuwa mekundu zaidi, basi natia tena. Nyumbani hakuna anayejua. Baba yako anadhani ni vitunguu.

Kliniki sijaenda. Unajua bibi yako, mama yangu, alivyomaliza. Alianza hivi hivi, kufuta, kufuta. Mwisho alikuwa anatujua kwa vishindo vya miguu. Nikienda wakaniambia ndiyo hiyo, nitarudi nyumbani nikiwa tayari kipofu. Nisipoenda bado naona.

Na lile la kutopepesa. Daktari wako aliuliza nani alikufundisha. Mimi. Ulikuwa na miaka tisa, likizo, nilikukalisha kwenye kiboksi karibu na taa nikakuambia usipepese mpaka yai ligeuke. Ukaweza kuliko mimi, nikajisifu kwa watu. Ningejua ni ugonjwa ninaokupa, mama, ningekupa kitu kingine.

Usimwambie mtu.

Mama yako.


Tarehe 8 Julai

Mama,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Leo salamu za wengine zitasubiri foleni.

Barua yako ilifika mchana wa leo na jibu linaondoka leo. Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda nayo mpaka kwa daktari bila miadi, nimekaa kwenye benchi lake nikiwa na karatasi yako kifuani kama cheti.

Kwanza, ile dawa ya wekundu amesema uiache. Inabana mishipa tu, wekundu unajificha kisha unarudi na ndugu zake, na ukavu haitibu.

La pili, nimemwuliza habari za bibi. Amesema hawezi kupima macho ya mtu kupitia barua, na yapo magonjwa mengine ya kuangaliwa, ndiyo sababu lazima uende. Lakini uoni unaokuja na kuondoka ukipepesa, kuchoma, mchanga, machozi kwenye upepo, kwa mwanamke wa umri wako ambaye hedhi yake imekoma, anayekaa mbele ya taa na feni, amesema angeanzia kwenye ukavu. Na bibi hakupimwa na mtu, Mama. Hatujui alikuwa na nini. Huenda lilikuwa jambo lenye dawa na hakuna aliyemwambia.

Tunajua tu kwamba aliogopa kwenda.

La tatu ni langu. Hukunipa ugonjwa. Ulinipa kazi. Pale kiwandani wanaponiuliza nilijifunza wapi kuona ufa mwembamba kama unywele, nasema kwa mama yangu, kwenye kiboksi. Hiyo siirudishi. Nitaongeza kupepesa tu.

Nimekutumia kifurushi, matone na vitambaa vitatu laini. Vitambaa alichagua mume wangu, ni vile anavyowafunika wateja wakubwa usoni. Matone usiyaanze kabla hujaonwa. Nenda Alhamisi. Baba akusindikize, na kwa hiyo itabidi umwambie.

Mwanao.

Madoa ya leo sikuzungusha. Sikuwa na muda.


Tarehe 19 Septemba

Kwako kitindamimba wangu,

Leo nina nafasi, wacha wapite wote. Baba yako anakusalimu, kiuno kimepata nafuu tangu alipoanza kunisindikiza kliniki. Shangazi yako anakusalimu kwa meno yote, sasa yamemkaa, tatizo ni kwamba hayatoi tena hata akilala. Kaka yako anakusalimu na mkewe pia. Kasuku anakusalimu, amekuwa wa tano darasani na anataka kujua wale wanne waliomtangulia wanaishi wapi. Paka hajambo. Na mimi mama yako nakusalimu, mistari ya barua hii hesabu mwenyewe.

Tulikwenda. Nilimwambia baba yako njiani, maana nyumbani nilishindwa. Alisimama katikati ya barabara, mtu wa mkokoteni akampigia kelele apishe. Akaniuliza, "Miaka miwili unaniambia vitunguu?" Nikamwambia vitunguu ni wewe uliyesema. Akanishika mkono mpaka kliniki, na wewe unajua baba yako si mtu wa kushika mikono barabarani.

Benchi lilijaa. Muuguzi akaniwekea kijikaratasi chembamba ndani ya kope ya chini, kimening'inia kama ulimi wa mjusi, akasema nitulie dakika tano aone kitalowa kiasi gani. Nilifumba macho nikamwomba Mungu kilowe. Alipokitoa kilikuwa kimelowa kidogo tu pale juu, kama kimelambwa. Halafu daktari akanitia rangi ya njano, akamulika. Mwanangu, safari hii yai ni mimi. Nimekaa nimetulia, mtu ananiinua kidevu mbele ya taa atazame kilichomo. Nikawahurumia mayai yote ya miaka ishirini na miwili.

Aliangalia muda mrefu. Akapima na vitu vingine, presha ya jicho na nyuma ya jicho. Akasema, "Mama, nyuma ni pazima. Hapa mbele ndipo pakavu." Nikamwuliza mara tatu kama nitakuwa kipofu. Akasema si kwa hili, mradi nilitunze. Akaniambia kwenye lile benchi nje mimi ni wa nne asubuhi hiyo kwa jambo hilo hilo. Nilipotoka niliwaangalia wote, kila mmoja anafuta jicho na kila mmoja anajifanya ni vumbi.

Nafanya kitambaa asubuhi na jioni. Mwanzoni nilijaribu yai la kuchemsha nililofunga kwenye leso, maana yai linatunza joto, baba yako akaruka kwa kelele kabla sijaungua. Tumebaki na vitambaa vya mkwe. Matone natia. Wiki tatu za kwanza sikuona tofauti nikakata tamaa, wiki ya tano mchanga ukapungua. Haujaisha. Siku za upepo bado nachuruzika.

Wiki iliyopita msimamizi alinichanganyia mayai hamsini, mazima na matupu, akasimama nyuma yangu. Feni imegeuzwa ukutani. Kila yai nilipepesa kwanza, nikafumba kabisa mpaka kope zikagusana, ndipo nikainua. Nikaona mizizi, nikaona doa linavyotikisika. Nilichukua muda kuliko yule binti. Sikukosea hata moja. Nimerudishiwa kiti nusu ya siku, nusu nyingine naosha trei, na nimekubali. Binti naye nimemkataza kutokupepesa. Alidhani namwonea wivu, nikamweleza habari zako.

Mwambie mkwe wangu kwamba lile la mara moja nilishalisema, sasa nina la kila siku, Mungu amweke.

Kwenye barua hii madoa ni matatu. Mawili nimeyazungushia duara, hayo ni ya ugonjwa, yapite. La tatu lile pale juu, chini ya hilo jina la kitindamimba ninalokuita, sikulizungushia. Hilo nililia, mama. Nililia kwa sababu niliandika jina lako nikaliona lote, mwanzo mpaka mwisho, bila ukungu.

Nawe ile barua yako ya Julai ulisema hukuwa na muda wa kuzungusha. Nimeimulika. Muda ulikuwa nao. Siku nyingine doa lisilo na duara liache kama lilivyo, usinitafutie sababu, nitalisoma. Niandikie upesi, usingoje mwezi uishe, hata mistari miwili, nijue macho yako yameamkaje.

Mama yako.